Stara ya Marehemu

Kila mtu anayejulikana kuwa na kalamu huombwa, mapema au baadaye, kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya mazishi. Mimi niliombwa alipofariki bibi mmoja wa mji wetu mdogo wa reli, ambaye kwa miaka mingi aliuza mahamri na chai karibu na stesheni. Jamaa zake walinipa karatasi yenye tarehe chache, majina ya watoto na wajukuu, na agizo moja: mwandikie mazuri. Nikatii. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mpole wa maneno, mnyenyekevu, mtu asiyepata kugombana na jirani yake hata siku moja. Niliposimama kuyasoma maneno hayo niliwaona watu wa safu za nyuma wakitazamana, na mzee mmoja akaufunika mdomo wake kwa kofia. Wote walimjua. Bibi yule alikuwa na sauti iliyosikika kabla ya treni. Aliwakopesha wachukuzi na wanafunzi waliokosa senti, kisha akawadai kwa kelele mbele za watu, na hakuona haya kumtaja mdeni wake pamoja na jina la baba yake. Walakini hakumnyima mwenye njaa. Na aliyeshindwa kulipa mwezi huu alikopeshwa tena mwezi uliofuata, mahamri na karipio katika sahani moja.

Jioni ile mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, alinijia nilipokuwa nimeketi chini ya mwembe.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni sana.”

“Tumekwisha kupoa. Nilitaka kukuuliza: yule uliyemsoma leo ni nani?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba mazishi yana desturi zake, naye akaitikia kwa adabu na kuondoka. Lakini nilijua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya bibi yake mara ya pili, baada ya mauti kumnyang'anya mara ya kwanza.

Swali la mtoto yule ni zito kuliko linavyosikika. Je, ni haki kumvika maiti sifa ambazo hakuwa nazo, na kumvua zile alizokuwa nazo? Kwa upande mwingine, je, ni haki kuyatangaza makosa ya mtu ambaye hawezi tena kusimama na kusema, sivyo, hamkunielewa? Watu wengi husita baina ya maswali haya mawili, na kwa kuwa kusita kunachosha, huchagua njia iliyo nyepesi, yaani sifa.

Njia hiyo ina watetezi wakubwa. Chilon wa Sparta, ambaye Wayunani wa kale walimhesabu miongoni mwa wenye hekima wao saba, anatajwa kuwa aliwakataza watu kuwasema wafu vibaya. Waislamu hufundishwa wasiwatukane waliokwisha kufa. Wazee wetu wa bara na pwani, kila kabila kwa namna yake, walishusha sauti walipomtaja maiti. Haiyumkiniki kuwa watu wote hawa walikosea. Walijua kwamba marehemu ni mtu dhaifu kuliko wote: mtoto mchanga anaweza kulia, mfungwa anaweza kukata rufani, lakini marehemu hana ila ulimi wetu.

Kiswahili kimeupa wema huu jina zuri, nalo ni stara. Nguo ni stara, nyumba ni stara, na mtu anayekijua kilema cha mwenziwe akanyamaza husemwa kuwa amemsitiri. Hapana jamii iwezayo kukaa pamoja bila neno hili. Lakini nguo ya stara hukatwa kwa kipimo cha mvaaji. Ukimvika mtu mrefu kanzu ya mtu mfupi hukumsitiri; umemfanya kichekesho, kama nilivyofanya mimi siku ile mbele ya watu wa stesheni.

Kwa kuwa habari za bibi yule zinajulikana na watu wachache tu, nitachukua mfano wa mwanamke ambaye Afrika ya Mashariki nzima ilimjua, na ambaye kifo chake kiliwatia wengi katika mashaka haya haya. Huyo ni Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyeitwa Bi Kidude. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013 akazikwa Kitumba, na viongozi wakuu wa nchi walikuwa miongoni mwa umati uliomsindikiza.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, mtoto wa mchuuzi wa nazi. Jina la Kidude alipewa kwa sababu alikuwa mdogo mno alipozaliwa, likamkaa hata alipokuwa mkubwa kwa sifa kuliko watu wengi wenye majina marefu. Kuimba hakufundishwa shuleni. Alijifunza kwa kuwasikiliza walioimba, na zaidi ya wote Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Siti alifariki mwaka 1950, na alibahatika kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Mwanafunzi wake huyu wa kusikiliza aliachiwa zaidi magazeti, filamu na midomo ya watu.

Midomo ilianza na umri wake. Alipokufa, wengine walimpa miaka mia moja, wengine mia na zaidi, na kila mmoja alitaja hesabu yake kana kwamba alikuwapo siku ya uzazi. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliuhesabu uzazi wake kwa fedha: alizaliwa zamani za rupia. Wako waliousogeza nyuma ya vita vikuu vya mwaka 1914. Rupia ilitumika Unguja mpaka mwisho wa mwaka 1935. Kwa hiyo ushahidi wa rupia peke yake waweza kumpa mtu miaka mia, na waweza pia kumpa themanini kasoro. Ilikuwa rahisi kusema kwamba alikuwa mzee sana na kwamba siku yake ya kuzaliwa haijulikani. Lakini waombolezaji hawapendi maneno hayo. Hata umri tulimpambia! Nimelitaja jambo hili dogo kwa kuwa pambo dogo huonyesha tabia ya mpambaji.

Makubwa zaidi ni haya. Katika usichana wake, kama ilivyosimuliwa mara nyingi, alitoroka ndoa aliyolazimishwa akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu. Baadaye aliolewa tena, na ndoa hiyo nayo haikumpa raha, akaondoka. Alikwenda bara akatembea miguu mitupu nchi baada ya nchi, akiimba. Aliporudi Unguja alikaa katika nyumba ndogo upande wa Ng'ambo, akaishi kwa kupiga ngoma, kupaka hina na kuuza dawa za miti. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alivuta sigara. Alikunywa pombe, naye alikuwa Mwislamu katika mji wa Waislamu. Wala hakufanya hayo nyuma ya mlango. Aliyafanya mbele ya wageni na mbele ya kamera, na alipoulizwa hakukana.

Basi mwandishi wa wasifu afanye nini na mambo haya?

Alipokufa, watu wa namna mbili walimwandika. Wa kwanza walimsafisha. Walituachia bibi mtulivu, mlinzi wa utamaduni, mama wa taifa, ambaye kwa kusoma habari zake mtu angedhani kwamba alishinda ukumbini akishona vitambaa. Ndoa iliyokimbiwa iligeuzwa kuwa safari, na sigara ikazimwa kabisa. Wa pili walifanya kinyume. Hao waliipenda sigara kuliko sauti. Walimwandika kama mtu anavyoandika habari za mnyama wa ajabu: tazameni, ajuza anayekunywa bia! Mtu akiyasoma ya hao hawezi kujua kwa nini mwaka 2005 mwanamke huyu aliitwa mpaka Newcastle, Uingereza, apewe tuzo ya WOMEX mbele ya watu wa muziki wa dunia. Hakupewa tuzo kwa kuvuta sigara. Wavutaji ni wengi.

Kwa maoni yangu makundi yote mawili yalikosa, na kosa lao ni moja. Kila kundi lilijiuliza, sisi tungependa Bi Kidude awe nani? Hakuna lililouliza, yeye mwenyewe alitaka tumjue kwa lipi?

Hapa ndipo ninapoona kipimo cha stara. Kipimo hicho hakimo mikononi mwetu. Marehemu mwenyewe alikwisha kukikata alipokuwa hai. Kila mtu katika maisha yake huacha mlango huu wazi na mlango ule akaufunga. Aibu aliyoificha kwa juhudi, ugonjwa ambao hakutaka utajwe, chozi alilolimwaga usiku peke yake, hayo ni milango iliyofungwa, na mwenye kuivunja baada ya mwenye nyumba kufa ni mwizi. Lakini alichokiweka barazani, mchana, mbele ya wapita njia, hakihitaji pazia letu. Tukikifunika tunamwambia kwamba alikuwa mpumbavu kukiweka pale, na tunamwambia hivyo wakati hawezi kujibu.

Bi Kidude aliweka wazi kwamba alikimbia ndoa ya nguvu. Hakuliona kuwa jambo la aibu, na sijui kwa nini sisi tulione hivyo. Leo Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 asiolewe wala asioe. Lakini yeye alikimbia bila sheria ya kumkinga wala shirika la kumpokea, kwa miguu yake tu. Msichana anayeisoma habari hiyo leo katika kijiji ambacho sheria hiyo haijafika ila kwa jina, anapewa kitu cha kushika. Mwandishi anayeiondoa ili bibi aonekane mtiifu amemnyima msichana huyo kitu hicho, na sidhani kwamba amemwongezea marehemu hata punje moja ya heshima.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na mlango alioufunga. Bi Kidude alikuwa kungwi. Aliwafunda wali wa unyago, na ngoma ile ya msondo aliyoipiga ameipanda na kuifunga kiunoni kwa kanga ilionekana katika majukwaa ya dunia. Mapigo ya ngoma aliyatoa nje, na wapo wazee waliomlaumu hata kwa hayo. Lakini unyago si mapigo ya ngoma tu. Mafunzo yenyewe, maneno yanayosemwa baina ya kungwi na mwari, ni amana ya wanawake waliomo ndani. Mimi sikuwa na haki ya kuingia, kwa hiyo sina haki ya kuandika, na kama mtu angenisimulia ningeziba masikio. Kadhalika miezi yake ya mwisho. Alikuwa dhaifu, na uvumi mwingi ulienea juu ya nani anamtunza na nani amefaidi jasho lake. Watu walewale walioona haya kuitaja sigara yake hawakuona haya kuichungulia nyumba ya mgonjwa. Alichokionyesha walikifunika, na alichokifunika wakataka kukifunua. Hiyo ni stara iliyovaliwa ndani nje.

Najua mtakalonijibu, wasomaji vijana, au tuseme watakalonijibu walimu wenu. Watasema: tukiwaambia watoto kwamba msanii mkubwa alikunywa na kuvuta, je, hawatamwiga? Hoja hii si ya kudharauliwa. Vijana huiga, na aghalabu huiga kilicho rahisi. Kuvuta sigara ni rahisi kuliko kuimba. Lakini vijana wana macho. Walikwisha kumwona katika picha sigara mkononi. Mwalimu anayewaambia kwamba hawakuona walichokiona hawafundishi kuacha tumbaku, anawafundisha kwamba maneno ya wakubwa juu ya wafu hayaaminiki. Na siku atakapowaambia habari ya shujaa aliyekuwa mwema kweli, watamtazama kama watu wa safu za nyuma walivyotazamana siku ile stesheni. Nadhani ni salama zaidi kusema: alivuta, dini yake na mji wake havikupendezwa na ulevi, naye alilijua hilo, tena aliimba hivi, na aliishi hivi. Kijana aachiwe kazi ya kupima. Akishindwa kupima habari za mtu mmoja aliyekufa, atapimaje za majirani zake walio hai?

Kuna hoja ya pili iliyo ngumu kuliko hiyo, na ilinikesha. Nimesema kwamba alichokifunga marehemu tusikifungue. Je, kama alichokifunga ni dhuluma? Yuko mtu aliyekula mali ya yatima kwa siri, akafa anaheshimiwa. Nikishika kipimo changu bila akili, nitakuwa mlinzi wa wezi. Jawabu nililipata katika desturi ambayo sote tumeiona makaburini na hatukuitia maanani. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa jamaa husimama akatangaza kwamba ikiwa yuko mtu anayemdai marehemu, aende kwa warithi. Tazama hekima yake! Siku ileile ambayo kila ulimi umefungwa usiseme baya, mlango mmoja umeachwa wazi kwa makusudi, nao ni mlango wa haki ya mtu aliye hai. Stara haifuti deni. Aibu ya marehemu iliyomhusu yeye na Muumba wake tuiache ilale naye. Lakini aliyedhulumiwa ana haki ya kusema, na kumnyamazisha kwa ajili ya adabu za msiba ni kumzika pamoja na maiti.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, pamoja na desturi nzuri kama hiyo, tunapenda kuwapaka wafu wetu chokaa. Kwa vikongwe wanawake tunazidi. Mzee mwanamume aliyekuwa mkali huandikwa kuwa alikuwa na msimamo. Mwanamke mwenye ukali uleule huandikwa kuwa alikuwa mpole, kana kwamba ukali wake ni kilema cha kufichwa. Nimesoma tanzia nyingi magazetini na kusikiliza nyingine nyingi kaburini, na nikizifunika majina siwezi kuwatambua akina bibi mmoja na mwingine: wote walipenda watu, wote walikuwa wacheshi, wote walikuwa nguzo. Nadhani sababu ni kwamba hatuwasitiri wao, tunajisitiri wenyewe kwa sanda yao. Bibi aliyegombana ana watu aliogombana nao, na huenda sisi tulikuwamo. Bibi aliyekimbia nyumba ana mtu aliyemkimbiza. Tukimfanya mpole tangu mwanzo hadi mwisho, hapana atakayeuliza ni nani aliyempandisha sauti.

Na hapo lazima nirudi stesheni, maana mimi nilikuwamo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikula mahamri ya bibi yule kwa mkopo muhula mzima, naye akanidai mbele ya wenzangu hata nikatamani ardhi ipasuke. Nilipoandika kwamba hakupata kugombana na mtu sikuwa nimesahau. Nilikuwa nalisafisha jina langu.

Baada ya siku arobaini nilimwendea mwanawe mkubwa nikamwomba ruhusa ya kuuandika upya wasifu wa mama yake, si kwa kusomwa hadharani, bali kwa kuwekwa nyumbani. Hakupendezwa. Alisema kwamba mambo ya kelele za stesheni yatawavunjia heshima. Nilimuuliza kama mama yake aliwahi kuzificha kelele zile. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akasema kwamba hata mwinjilisti aliwahi kudaiwa mbele ya kanisa. Akaniruhusu.

Niliandika kurasa tatu. Niliandika bei za mahamri jinsi zilivyopanda, majina ya treni alizozingojea, sauti yake, na wachukuzi waliolishwa naye siku walizokosa mizigo. Niliandika deni langu. Kwa nini mumewe aliondoka sikuandika, kwa kuwa yeye hakulisema hilo kwa mtu yeyote.

Nilimpa mjukuu wake karatasi zile wakati wa likizo. Alizisoma amesimama, akarudia ukurasa wa pili, kisha akauliza kama yaruhusiwa kuongeza. Nikampa kalamu. Akainama juu ya meza, akaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo wa shule, kwamba yeye naye bibi alikufa akimdai mahamri sita.